Pikapu Zilizovishwa Nguo za Sikukuu

Pikapu ni gari lenye kichwa kifupi cha kukaa dereva na abiria mmoja au wawili, na nyuma yake bodi la wazi la kubebea mizigo. Ikiwa mpya hununuliwa kwa hesabu ya kazi: inabeba magunia mangapi, inakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi. Ikichoka huenda kwa watu wa vyuma chakavu. Hata hivyo, katika mamilioni ya pikapu zilizotengenezwa tangu miaka ya 1920 kuna kundi dogo ambalo mambo yake yamekwenda kinyume. Ni zile ambazo wasanifu walizipa umbo la kupendeza kabla wanunuzi hawajawa tayari kulilipia. Ziliuzwa chache, zikachakazwa mashambani na kwenye maeneo ya ujenzi, na leo wapenzi wa magari wanazisaka kwa bei ambayo mwenye nazo wa kwanza asingeisadiki. Zinathaminiwa kwa sababu ya ushahidi zinaoubeba, kwamba walikuwapo watu walioamini kuwa chombo cha kazi kinastahili uzuri uleule unaopewa gari la kifahari.

Kabla ya mwaka 1925, Mmarekani aliyetaka gari dogo la mizigo alinunua chesi yenye injini, kisha akaipeleka kwa seremala ajengewe sanduku la mbao nyuma. Tarehe 15 Aprili 1925 kampuni ya Ford ilitangaza Model T yenye bodi la mizigo lililoundwa kiwandani, kwa bei ya dola 281, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa takriban 34,000. Bodi lenyewe lilikuwa sanduku fupi la bati lenye mlango wa nyuma wa kushusha. Mpangilio huo wa kichwa mbele, sanduku katikati na mlango wa kushusha nyuma haujabadilika mpaka sasa. Sura haikuwa jambo la kujadiliwa. Mnunuzi alikuwa mkulima, muuza maziwa au fundi bomba, na kwake gari zuri lilikuwa lile linalowaka asubuhi ya baridi.

Wazo la kuchanganya uzuri na mzigo lilizaliwa katika miaka ya dhiki. Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulizifanya familia nyingi zishindwe kuwa na magari mawili, moja la kazi na jingine la kutembelea. Huko Australia, mke wa mkulima mmoja wa jimbo la Victoria aliiandikia Ford akiomba gari litakaloipeleka familia kanisani Jumapili bila kulowana, na Jumatatu lipeleke nguruwe sokoni. Kazi hiyo alipewa msanifu kijana, Lewis Bandt, katika kiwanda cha Geelong. Alichukua sehemu ya mbele ya gari la abiria, lenye milango mizuri na vioo vya kupandisha, akairefusha nyuma kuwa sanduku la mizigo bila kuacha pengo kati ya kichwa na bodi. Gari hilo lilitoka mwaka 1934, na Waaustralia wakaliita “ute”. Limeingia katika maisha ya nchi ile kiasi kwamba viwanda vyake vya ndani viliendelea kulitengeneza kwa zaidi ya miaka 80, hadi kampuni za Ford na Holden zilipofunga mitambo yao huko mwaka 2016 na 2017.

Marekani nayo ilijaribu njia hiyohiyo. Mwaka 1937 kampuni ya Studebaker ya South Bend, Indiana, ilitoa Coupe Express, pikapu iliyotumia uso na kichwa cha gari la abiria la kampuni hiyo. Madigadi yake ni ya mviringo kama matone ya maji yanayodondoka, tairi la akiba limekaa ndani ya digadi la mbele, na ndani kuna kiti na dashibodi za gari la watu wa mjini. Ilitengenezwa kwa miaka mitatu tu, hadi 1939, na jumla yake ilizidi 5,000 kwa kiasi kidogo. Haikuuzika sana kwa sababu wapinzani wake wa Ford na Chevrolet walikuwa wa bei nafuu zaidi, na mkulima wa wakati ule hakuona faida ya kulipia digadi la kupendeza ambalo litapigwa na kwato za ng’ombe. Leo wajuzi wengi wanaitaja miongoni mwa pikapu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na hukumu hiyo ni ya haki. Anayeitazama kutoka ubavuni haoni mahali ambapo gari la abiria limeishia na gari la mizigo limeanzia.

Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha utengenezaji wa magari ya raia. Vilipokwisha, viwanda viliuza kwanza miundo ya zamani, kisha vikaanza kuchora upya. Chevrolet ilitoa pikapu zake mpya mwaka 1947, na Ford ikaleta familia ya F mwaka 1948. Hizi hazikuwa adimu. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na ndiyo maana Wamarekani wengi wanapofikiria pikapu ya babu wanaona boneti iliyovimba na taa za duara za Chevrolet ya miaka ile, au uso mpana wa Ford F-100 ya 1953 hadi 1956. Posta ya Marekani ilipotoa stempu za pikapu mwaka 2016, ilichagua nne: International Harvester D-2 ya 1938, Ford F-1 ya 1948, Chevrolet ya 1953 na Ford F-100 ya 1965. Zote zilikuwa magari ya watu wa kawaida. Zinapendwa kwa ukaribu na kumbukumbu, na spea zake bado zinatengenezwa. Mtu anayeanza mapenzi haya hushauriwa aanzie hapo.

Pikapu iliyobadilisha mambo ilitoka katika majira ya kuchipua ya 1955. Chevrolet iliiita Cameo Carrier. Ili kuelewa ilikuwa na jipya gani, ni lazima kukumbuka pikapu zote za wakati ule zilivyoonekana kwa nyuma. Sanduku la mizigo lilikuwa jembamba na limekaa katikati ya magurudumu. Madigadi yalitokeza nje ya sanduku, na mbele ya digadi palikuwa na kidaraja cha kukanyaga wakati wa kupakia. Muundo huo ulifaa kazi, lakini ulilifanya gari lionekane kama vitu viwili vilivyounganishwa kwa bahati. Chuck Jordan, msanifu kijana wa General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, alichora kitu tofauti: mbavu za bodi zilitoka nje mpaka zikalingana na upana wa kichwa, zikayafunika madigadi, na mstari mmoja ukapita kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma bila kukatika.

Jordan alitaka kwenda mbali zaidi. Katika michoro yake ya mwanzo, kichwa na bodi vilikuwa kitu kimoja. Wahandisi wakamwonya kwamba chesi ya pikapu hujipinda barabara inapokuwa mbovu au mzigo unapokuwa mkubwa, na bati lililounganishwa moja kwa moja lingepasuka. Basi pengo la kawaida likaachwa, na ukingo wa nyuma wa kichwa ukawekewa utepe wa kromu ili jicho lisilione pengo bali lione pambo. Ni ufumbuzi mdogo, lakini unaonyesha ustadi wa kazi nzima: mahali ambapo sheria za mitambo zilikataa, msanifu alitafuta njia ya heshima.

Tatizo la pili lilikuwa gharama. Kutengeneza kalibu za kukandamizia bati kwa ajili ya mbavu mpya kungegharimu fedha nyingi mno kwa gari ambalo hakuna aliyejua kama litauzika. General Motors ilikuwa na jibu karibu. Tangu 1953 ilikuwa inauza Corvette, gari la michezo lenye bodi la faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu ya plastiki. Kampuni ileile ya Ohio iliyotengeneza paneli za Corvette ikapewa kazi ya mbavu za Cameo. Ndani yake, sanduku lilibaki lilelile jembamba la chuma la pikapu ya kawaida. Faibaglasi ilikuwa vazi la nje. Tairi la akiba lilifichwa chini ya bodi, nyuma ya sehemu ya bampa inayofunguka.

Mwaka wa kwanza Cameo ilipakwa rangi moja tu: nyeupe ya maziwa, pamoja na nyekundu iliyozunguka nguzo za nyuma za kichwa na kuingia hadi ndani ya sanduku la mizigo. Magurudumu yalikuwa na vifuniko vya kung’aa, na viti vilikuwa vya rangi mbili. Mteja aliyetaka aliweza kuwekewa injini mpya ya V8 ya Chevrolet, ambayo ilianza mwaka huohuo na baadaye ikawa mojawapo ya injini zilizotengenezwa kwa wingi zaidi duniani. Bei ilikaribia dola 2,000, wakati pikapu ya kawaida ya Chevrolet ya ukubwa uleule ilianza kama dola 1,500. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa mwananchi wa 1955.

Nani alikusudiwa? Marekani ya miaka ile ilikuwa inahamia kwenye vitongoji vipya nje ya miji. Mwenye duka la maua, mkandarasi aliyefanikiwa, mwenye shamba la farasi: watu hawa walihitaji gari la mizigo lakini waliishi mahali ambapo majirani walitazama kilichoegeshwa mbele ya nyumba. Wauzaji wa magari nao walipenda kuiweka Cameo kwenye kioo cha mbele cha duka, kwa kuwa ilivuta watu ndani hata kama waliondoka na pikapu ya bei ndogo. Mwaka 1955 ziliuzwa 5,220. Mwaka uliofuata zikashuka hadi 1,452, zikapanda kidogo kufikia 2,244 mwaka 1957, na mwaka 1958, ambao ulikuwa wa mwisho, zikawa 1,405. Jumla ni 10,321 kwa miaka minne, idadi ndogo sana kwa kampuni iliyokuwa ikiuza pikapu mamia ya maelfu. GMC, ndugu wa Chevrolet ndani ya General Motors, iliuza pacha wake kwa jina la Suburban Carrier, na hizo ni nadra zaidi.

Mafanikio ya kwanza ya Cameo yaliwakosesha wengine usingizi. Dodge haikuwa na fedha wala muda wa kuchora upya, lakini ilikuwa na Joe Berr, mkuu wa kitengo cha vifaa maalumu. Mwaka 1957 magari ya abiria ya Chrysler na Dodge yalikuwa yanasifika kwa mabawa marefu ya nyuma yaliyochorwa chini ya uongozi wa msanifu Virgil Exner. Berr alichukua mbavu za nyuma za gari la familia la Dodge la mwaka huo, pamoja na mabawa, taa na bampa lake, akawaagiza mafundi wazichomelee kwenye pikapu yenye bodi refu. Mlango wa nyuma ukakatwa ili uingie kati ya mabawa. Matokeo yakaitwa Sweptside. Ni gari la ajabu: mbele ni uso wa lori la kawaida, nyuma ni mabawa ya gari la kifahari. Kinyume na ambavyo mtu angetarajia, vinapatana. Mstari wa rangi mbili unaopita ubavuni unaipa Sweptside mwendo hata ikiwa imesimama.

Kwa kuwa kila moja iliunganishwa kwa mkono, utengenezaji haukuweza kuwa mkubwa. Mwaka 1957 zilitoka kama elfu moja. Miaka iliyofuata ni chache mno, na mwanzoni mwa 1959 ikaachwa. Jumla haikufika hata 2,000. Mtu anayeitafuta leo anatafuta gari nadra kuliko Cameo mara kadhaa, tena lenye bodi la bati ambalo, tofauti na faibaglasi, limeliwa na kutu kwa miaka zaidi ya 60.

Aliyezishinda zote mbili alikuwa Ford, na alishinda kwa hesabu. Pikapu zake za 1957 zilikuja na bodi pana lenye mbavu laini, lakini lilikuwa la bati tupu, lilibeba mzigo kwa upana wote, na halikuwa na nyongeza ya bei. Uzuri uliokuwa wa wachache ukawa wa kila mtu. Chevrolet ikajibu katikati ya 1958 kwa bodi lake pana la bati, lililoitwa Fleetside, na Cameo ikakosa sababu ya kuendelea. Pikapu karibu zote zinazouzwa duniani sasa, ikiwemo Hilux inayopita kijijini, zina mbavu laini za aina hiyo. Cameo haikupata faida kubwa sokoni, lakini iliishinda sura ya zamani milele.

Mwaka uleule wa 1957 Ford ilitoa pia Ranchero, iliyojengwa juu ya gari la abiria kwa mtindo wa ute wa Australia, na Chevrolet ikafuata na El Camino mwaka 1959. El Camino ya kwanza, yenye mabawa yaliyolala kama ya ndege na kioo cha nyuma kilichopinda, ilidumu miaka miwili tu kabla ya kupumzishwa hadi 1964, kwa hiyo inatafutwa sana.

Majaribio mengine yalikosea, na makosa yao yanafundisha kuliko sifa. Mwaka 1961 Ford ilirudi kwenye ndoto ambayo Jordan alikatazwa: ikaunganisha kichwa na bodi kuwa kitu kimoja. Pikapu hizo ni nzuri kwelikweli, zimenyooka na hazina pengo, lakini malalamiko yakaenea kwamba mzigo ukizidi bodi linajipinda na milango inakwama. Ilipofika 1964 Ford ilikuwa imerudi kwenye bodi lililotengana. Wahandisi wa Chevrolet walikuwa wamesema kweli. Studebaker nayo, ikiwa imeishiwa fedha, ilitengeneza pikapu iitwayo Champ kwa kuweka uso wa gari lake dogo la abiria mbele, na nyuma bodi lililotoka kwenye kalibu zilizonunuliwa kwa Dodge. Bodi hilo lilikuwa pana kuliko kichwa, na jicho linaona mara moja kwamba vipande havikukusudiwa kukutana. Champ ni nadra, lakini unadra peke yake haukuitia uzuri, na bei yake haikaribii ya Coupe Express iliyotoka kiwanda hichohicho.

Sheria pia huzaa unadra. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi ziliwawekea ushuru kuku waliotoka Marekani. Rais Lyndon Johnson akajibu Desemba 1963 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa, yakiwemo magari madogo ya mizigo. Aliyelengwa alikuwa Volkswagen, ambaye pikapu yake ya injini nyuma, yenye bodi tambarare linalofunguka pande tatu, ilikuwa imeanza kupata wateja Marekani. Biashara hiyo ikakauka. Ndiyo sababu pikapu za Volkswagen za miaka ya 1950 na 1960, ambazo Ujerumani zilikuwa magari ya mafundi rangi na wauza mboga, ni lulu kwa Wamarekani leo. Kwa magari ya mizigo, ushuru huo haujafutwa mpaka sasa. Subaru iliukwepa kuanzia 1978 kwa kufunga viti viwili ndani ya sanduku la mizigo la pikapu yake ndogo, BRAT, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Rais Ronald Reagan alikuwa nayo moja shambani kwake California.

Mwisho wa zama za pikapu hizi za kupendeza unawakilishwa vizuri na Dodge ya 1978 iliyoitwa Li’l Red Express: pikapu nyekundu yenye mapambo ya mbao, maandishi ya dhahabu milangoni, na mabomba mawili ya moshi yaliyosimama wima nyuma ya kichwa kama ya malori makubwa. Kanuni za moshi za wakati ule zilikuwa zimeyanyong’onyeza magari ya abiria, lakini malori ya uzito fulani yalikuwa na masharti mepesi, na Dodge ilitumia nafasi hiyo kuweka V8 yenye nguvu. Jarida la Car and Driver lilipoijaribu pamoja na magari mengine ya Marekani, iliyatangulia yote kufikia maili 100 kwa saa. Zilitengenezwa 2,188 mwaka wa kwanza na 5,118 mwaka 1979, kisha basi.

Kwa nini pikapu hizi zimebaki chache? Idadi iliyotoka kiwandani ni nusu ya jibu. Gari la michezo hufunikwa turubai na kuegeshwa, pikapu hutumikishwa. Ilirushiwa mawe, ikamwagiwa samadi na mbolea ya chumvichumvi, na katika majimbo yenye theluji ikapita kwenye barabara zilizonyunyiziwa chumvi ambayo huila chesi kimyakimya. Ilipouzwa mara ya pili na ya tatu, mmiliki mpya hakuwa na sababu ya kutafuta kifuniko halisi cha gurudumu au utepe wa kromu uliong’oka. Alifunga waya, akaendelea na kazi. Pikapu iliyofikisha miaka 70 ikiwa kamili ni ile iliyopata mwenyewe wa pekee: mjane aliyeihifadhi ghalani, au duka lililoitumia kwa matangazo tu.

Hapo ndipo suala la kupima thamani linapoanza, na linahitaji maarifa. Mbele ya Cameo, kuanzia bampa hadi mlango, ni sawa na pikapu nyingine za Chevrolet za miaka yake, hivyo madigadi, vioo, mpira wa milango na vipuri vya injini hupatikana vikiwa vipya. Nyuma ya kichwa hali ni tofauti kabisa. Paneli za faibaglasi, taa za nyuma, bampa lenye kifuniko cha tairi na mlango wenye vifungio vyake vilitumika kwenye Cameo na pacha wake wa GMC tu. Mnunuzi mwenye busara huanza kukagua nyuma. Pikapu yenye injini iliyokufa na mkia uliokamilika ni afadhali mara kumi kuliko inayowaka vizuri huku taa zake zimetolewa kwenye gari jingine. Kwa Sweptside hatari ni nyingine: kwa kuwa mbavu zake zilitoka kwenye gari la familia, fundi hodari anaweza leo kurudia alichofanya Berr na kuiuza nakala kama ya asili. Hati za zamani, namba za chesi na alama za kuchomelea ndizo mashahidi wanaoaminika.

Kisha kuna swali la ukarabati. Soko linatambua hali tatu. Ya kwanza ni gari ambalo halijaguswa, lenye rangi iliyofifia ya kiwandani na kitambaa cha kiti kilichochanika. Ya pili ni lililorudishwa katika hali ya siku lilipouzwa, nati kwa nati. Ya tatu ni lililobaki na sura ya zamani lakini limewekewa injini, breki za diski na kiyoyozi vya kisasa. La tatu ndilo rahisi kulifurahia barabarani, na katika minada ya Marekani huweza kuuzwa ghali kuliko la asili. Kwa pikapu ya kawaida hakuna ubaya. Chevrolet za 1953 zipo tele, na mwenye nayo ana haki ya kuiendesha bila kuogopa mteremko. Kwa Cameo, Sweptside au Coupe Express ni hasara. Chesi ikishakatwa ili kuingiza mitambo mipya, taarifa iliyomo ndani yake, yaani jinsi mafundi wa siku zile walivyochomelea, walivyopaka na walivyokisia, imepotea, na hakuna fedha inayoweza kuirudisha.

Afrika Mashariki ina hadithi yake katika jambo hili. Kati ya pikapu zilizobeba kahawa, ndizi, samaki na watu katika ukanda huu, moja inastahili kuwekwa katika daraja la pikapu za kupendeza bila kusitasita: Peugeot 404. Sura yake ilitoka kwa Pininfarina, nyumba ya usanifu ya Italia, na sedani yake ilizinduliwa mwaka 1960 ikiwa na mabawa madogo ya nyuma na uso wa utulivu. Pikapu ilibaki na uso huo. Jina lake lilijengwa na mashindano ya Safari Rally, ambayo Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968; ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Iliendelea kuunganishwa Kenya muda mrefu baada ya sedani yake kuacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975, na baadaye ikapokewa na pikapu ya 504, yenye springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, zilizovumilia mizigo ambayo hakuna mhandisi aliyeiandika kwenye kitabu.

Nyingi kati ya pikapu hizi zilikuwa matatu, yaani magari ya abiria ya Kenya. Baada ya Rais Jomo Kenyatta kuruhusu mwaka 1973 matatu zifanye kazi bila leseni ya usafiri wa umma, mafundi wa Kenya walijenga vibanda vya bati na mbao juu ya bodi zake, wakaweka mabenchi mawili yanayotazamana. Dar es Salaam nako pikapu zenye mabenchi ya namna hiyo ziliitwa chai maharage. Kazi hiyo ndiyo iliyozimaliza. Kila 404 iliyogeuzwa matatu ilipoteza mlango wake wa nyuma, mbavu zake zikatobolewa, na ilipochoka ikakatwakatwa kuwa vipuri.

Zilizosalia haziwezi kuongezwa kwa urahisi kutoka nje. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huyatoza kodi ya ziada magari makuukuu. Maana yake, hifadhi ya pikapu za zamani za ukanda huu ni zile zilizopo tayari: chini ya mwembe, nyuma ya kinu cha kusaga, kwenye uwanja wa ushirika wa kahawa. Ufundi wa kuziokoa upo. Wanyoosha bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanaweza kulirudisha digadi kwa nyundo na jicho tu, kazi ambayo Ulaya inalipiwa fedha nyingi kwa saa. Kinachokosekana ni mmiliki anayejua kwamba alichonacho si chuma chakavu.

Mwenye pikapu kama hiyo na ayafanye mambo machache kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma. Atafute kadi ya gari na kuihifadhi mahali pakavu, hata kama usajili umekwisha muda. Apige picha namba ya chesi na ya injini. Aiinue kutoka ardhini kwa mawe au magogo na kuiezekea, kwa kuwa kutu huanzia chini. Asiruhusu mtu kuondoa taa, nembo, vishikio wala mlango wa nyuma kwa bei ya kimojakimoja, maana hivyo ndivyo vitu ambavyo havipatikani tena, ilhali injini hupatikana. Asiipake puti na rangi mpya ili ipendeze kwa muda. Na kama ni lazima kuiuza, aiuze nzima, kwa mtu anayetaka kuiendesha.